Mbegu nayo ni mshahara

Kazi yetu ni sendika. Watu wanatujua kwa maneno ya mshahara, kofia za usalama, masaa ya ziada na wenzetu wanaofukuzwa bila barua. Leo tunaandika juu ya mahindi. Mtu asiseme tumeacha kazi yetu. Tumefika kwa mahindi kwa njia ya mshahara.

Miaka michache iliyopita tulipigania nyongeza katika kampuni moja ya huku kwetu. Tulikaa mezani wiki nyingi, tukatishwa, tukabembelezwa, mwishowe tukapata. Siyo yote tuliyoomba, lakini tulipata, na watu wakapiga makofi. Kabla miezi mitatu haijaisha, mahindi ya Zambia yakaanza kukosa njia Kasumbalesa, kwa sababu kule mavuno yalikuwa mabaya na Leta yao ilifunga mlango. Bei ya mfuko wa bunga ikapanda wiki kwa wiki. Katika mkutano uliofuata, mke wa mwenzetu mmoja, aliyekuja kwa niaba ya mume wake mgonjwa, alisimama akasema: "Ba papa, mulipigania mushahara, aksanti. Lakini ile nyongeza yote, njo mufuko wa bunga ilikula. Sasa mutaenda kupigana na mufuko nayo?" Watu walicheka. Sisi tuliokaa mbele hatukucheka, kwa sababu hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile tumeuliza watu wengi: walimaji, mama wa soko, wenye elimu ya kilimo. Jibu tulilopata lina vipande vingi: barabara, mbolea, mkopo, ardhi, bei. Kila kimoja kinastahili makala yake. Leo tunachukua kile ambacho mikutano ya wakubwa inakipita haraka: mbegu, na miaka inayohitajika kuitengeneza. Ile miaka siku hizi imefupishwa. Elimu ya urithi wa mimea, ile inayoitwa jenetiki, imeikata. Swali letu ni moja: kama mbegu bora inaweza kupatikana haraka hivi, mbona kwetu bado inachelewa?

Shamba kubwa, mbegu ya zamani

Kila mwaka tunasikia kwamba Kongo iko na hekta milioni 80 zinazoweza kulimwa. Tunasikia pia kwamba sasa ni wakati wa udongo wa juu kulipiza kisasi kwa udongo wa chini, yaani kilimo kishinde madini. Maneno ni mazuri. Lakini hekta ni hesabu ya upana tu. Hekta moja ya mahindi katika nchi yetu, kwa wastani, inatoa chini ya tani moja. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, mwaka wa mvua nzuri wanapita tani mbili. Udongo wa Kasumbalesa na udongo wa Chililabombwe ni udongo mmoja. Mpaka ulichorwa na Wazungu, na mvua haiujui. Wenzetu wale wanapata mbolea ya bei nafuu kutoka kwa Leta, wanapata mnunuzi, na wanapanda mbegu iliyotengenezwa karibuni. Sisi wengi tunapanda punje tulizonunua sokoni kwa ajili ya kula.

Haikuwa hivi siku zote. Miaka ya 1970 nchi hii ilikuwa na Programu ya Taifa ya Mahindi, na makao yake yalikuwa huku huku kwetu. Ndiyo ilitoa mbegu zilizoitwa Shaba 1, Kasai 1 na Salongo 2. Wazee wetu walizipanda, nazo zilikuwa mbegu nzuri za wakati wake. Lakini miaka karibu 50 imepita. Mtu anayeshika leo simu ya kisasa mkono wa kulia, mkono wa kushoto anapanda mtoto wa mjukuu wa mbegu ya wakati wa Mobutu, iliyochanganyika na kila hindi la jirani mpaka hakuna anayejua tena ni nini.

Na maadui hawakutungojea. Kuna ule ugonjwa wa milia, unaochora mistari myeupe kwenye jani na kuufanya mhindi udumae. Kuna ugonjwa wa kuua mahindi, ulioonekana Kenya mwaka 2011, wilaya ya Bomet. Miaka miwili tu baadaye ulikuwa umefika Kivu ya Kaskazini. Kuna viwavijeshi kutoka Amerika, vilivyoingia Afrika mwaka 2016 na kuenea karibu bara zima kwa muda mfupi. Na kuna ukame. Februari 2024, Zambia ilitangaza kwamba ukame umekuwa janga la taifa, na sisi tunaokula bukari ya mahindi yao tulijua maana yake kabla ya kusoma gazeti.

Kwa nini mbegu ilichelewa

Tueleze kidogo kazi ya mtengeneza mbegu, maana wengi wetu tulifikiri mbegu bora ni mahindi makubwa yaliyochaguliwa tu.

Anachukua mhindi mmoja wenye kuzaa sana na mwingine wenye kushindana na ugonjwa, anawavusha. Watoto wanatoka wa kila namna, kama watoto wa nyumba moja: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu mgonjwa. Ukitaka mbegu ambayo kila punje yake ni sawa na mwenzake, lazima kila mhindi uzae na nafsi yake, kizazi baada ya kizazi, na kila mara uchague. Kazi hiyo inahitaji vizazi 6 hadi 8. Huku Katanga, ambako mvua inakuja mara moja kwa mwaka, asiye na maji ya kumwagilia anahesabu kila kizazi kuwa mwaka mmoja. Baada ya hapo kuna kuvusha tena, majaribio ya mahali mbalimbali, kuandikisha mbegu, kuizidisha. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuvusha mara ya kwanza anaingia sekondari kabla mlimaji hajashika mfuko wa mbegu hiyo. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa ni matumbo kweli.

Wanachofanya Kiboko

Sasa twende Kenya, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, mahali panapoitwa Kiboko. Mwaka 2013, CIMMYT, kile kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano chenye makao Mexico, kilifungua hapo, pamoja na taasisi ya kilimo ya Kenya, mahali pa kufupisha ile miaka.

Kila punje ya hindi hupata urithi wake nusu kwa mama, nusu kwa baba. Kiboko wanauzalisha mhindi wa mama kwa chavua ya baba wa namna ya pekee. Chavua yake huamsha punje, lakini mara nyingine haiachi urithi wake ndani. Katika punje 100, kama 8 au 10 zinatoka na urithi wa mama peke yake. Watazijuaje? Yule baba amebeba rangi ya zambarau. Punje ya kawaida inakuwa na zambarau juu kichwani na zambarau katika ile sehemu ya ndani inayoota. Punje yenye nusu ya urithi ina zambarau kichwani, lakini sehemu inayoota ni nyeupe. Basi watu wanakaa mezani na kuchambua kwa macho na mikono, punje kwa punje, sawa vile mama anavyochambua maharagi kabla ya kuyaweka jikoni. Hiyo ni sayansi kubwa, na bado inahitaji mikono ya wafanyakazi.

Zile punje zinaoteshwa, halafu miche michanga inatiwa dawa inayoitwa kolkisini. Dawa hiyo inafanya ile nusu ijirudie yenyewe, iwe mbili zinazofanana kabisa. Mhindi unaotoka hapo hauna tena ndugu tofauti ndani yake: kila punje utakayotoa ni sawa na nyingine. Kazi ya vizazi 6 au 8 imefanyika kwa misimu miwili. Sisi watu wa sendika hatukosi kuongeza neno moja: kolkisini ni sumu, na anayeishika lazima avae glavu na vyote vinavyotakiwa. Mbegu bora isitengenezwe kwa afya mbovu ya mfanyakazi.

Njia ya pili ni kusoma urithi kwenye jani. Zamani, ili ujue kama mhindi unaweza kushindana na ugonjwa wa milia, ilibidi uupande, uulete ugonjwa, ungoje. Leo wanajua kwamba sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko mahali pamoja katika kromosomu ya kwanza ya mahindi. Wanakata kipande cha jani kidogo kuliko kucha, wanakipeleka katika maabara, wanasoma ADN, na wanajua. Ile isiyo na alama inaachwa kabla haijala mbolea na jasho la mtu. Mtu wa mgodi anaelewa haraka: huwezi kuchimba shimo kila mahali ukitafuta shaba. Unachukua sampuli kwanza, unapima, halafu unachimba.

Ule ugonjwa wa kuua mahindi ndio ulioonyesha faida ya haraka hii. Ulipolipuka, kulikuwa na mashamba Kenya yaliyokauka yote, mlimaji akibaki na majani ya njano tu. Mwaka ule ule wa 2013 walifungua pia Naivasha mahali pa kupima maelfu ya aina za mahindi mbele ya ugonjwa wenyewe. Nyingi sana zilianguka. Chache zilisimama, na baadhi ya zile chache asili yake ni Thailand, mbali kabisa na Afrika. Kwa kusoma ADN waliona nguvu hiyo inakaa wapi, wakaanza kuihamisha katika mahindi yanayopendwa huku Afrika, na ndani ya miaka michache mbegu mpya zikaanza kufika madukani Kenya na Uganda. Kwa mwendo wa zamani, watu wangekuwa bado wanangoja.

Tusisahau muhogo, maana bukari yetu mara nyingi ni ya mchanganyiko. Muhogo una shida yake: unakaa shambani mwaka mzima kabla ya kujua una nini chini. Tangu 2012, watafiti wa chuo kikuu cha Cornell cha Marekani, pamoja na wenzao wa Ibadan kule Nigeria na Namulonge kule Uganda, wamekuwa wakifanya kazi ya kusoma urithi wote wa mche, siyo alama moja tu. Wanalinganisha na mihogo mingi iliyokwisha kupimwa shambani, halafu wanakadiria mche mchanga utazaa vipi kabla haujang'olewa. Ni makadirio, yanaweza kukosea. Lakini mwenye kukadiria vizuri anachagua wazazi wa kesho mwaka huu huu, badala ya kungoja mavuno mengi yapite.

Hii si ile sindano

Tunajua neno linalotembea katika kartié: "Banatia sindano mu mahindi." Wengine wanakumbuka mwaka 2002, njaa ilipokuwa Zambia, na Rais Mwanawasa akakataa msaada wa mahindi ya Marekani kwa sababu yalikuwa yamebadilishwa jeni. Hofu hiyo haikutoka hewani, na nchi yoyote iko na haki ya kuuliza kabla ya kula.

Lakini vitu viwili visichanganywe. Mahindi yaliyobadilishwa jeni ni yale ambayo maabara imeingiza ndani yake jeni, mara nyingi ya kiumbe kingine kabisa, ambayo kuvusha kwa kawaida kusingeweza kuileta. Kazi tuliyoeleza hapa haifanyi hivyo. Mahindi yanavushwa na mahindi, muhogo na muhogo. Jenetiki inakuja kusoma na kuchagua, na ile dawa ya Kiboko inajirudishia mahindi urithi wao wenyewe. Zambia ile ile iliyokataa mwaka 2002, mwaka 2012 iliandikisha mahindi ya rangi ya machungwa, yenye kuupa mwili vitamini A. Yalitoka katika kuvusha kwa kawaida. Waliweza kukataa kimoja na kukubali kingine kwa sababu walikuwa na watu wao wa kupima. Hilo ndilo tunalotaka na kwetu: tuwe na watu wetu wa kupima, ili kukubali kwetu kuwe kukubali, na kukataa kwetu kuwe kukataa.

Mwendo wa haraka unakomea wapi

Sasa tuseme ukweli ambao wauza mbegu hawausemi sana. Haraka yote hii ni ya maabara. Ikitoka mlangoni mwa maabara, inakutana na barabara yetu.

Kwanza, mbegu iliyochaguliwa Kiboko, kwenye joto na ukavu, haiujui udongo wa Katanga. Udongo wetu mwingi ni mwekundu, umechakaa, una uchachu unaozuia mizizi. ADN inaweza kukuambia mhindi una nguvu gani ndani. Haiwezi kukuambia utafanya nini Kasenga mwezi wa pili. Hilo linajulikana kwa kupanda hapa, misimu kadhaa, katika mashamba ya watu wa hapa. INERA iko na kituo chake Kipopo, karibu na Lubumbashi. Kituo cha namna hiyo kisipopewa makuta ya kupanda majaribio, ule wepesi wa Kiboko utaishia Kenya.

Pili, kuna swali la mwenye mbegu. Mbegu nyingi zinazotoka kwa njia hii ni chotara, ile wanayoita hibridi. Inazaa sana mwaka wa kwanza. Ukichukua punje zake na kuzipanda mwaka unaofuata, nguvu inapungua na shamba linatoka la kila namna. Kwa hiyo mlimaji anarudi dukani kila mwaka. Kwa mwenye makuta na soko la uhakika, hesabu inaweza kumlipa. Kwa mama anayelima nusu hekta huko Pweto, mwaka ambao mtoto ameugua, duka halitamngoja. Sisi tunaijua hali ya mtu ambaye chombo chake cha kazi ni mali ya mwingine. Hatuwezi kuipigia makofi ikiingia shambani.

Dawa yake ipo, na haipingani na sayansi. Mistari ile ile inayotoka Kiboko inaweza kuunganishwa kadhaa kwa pamoja ili kutengeneza mbegu ya kuchavuka huru, kama zilivyokuwa Shaba 1 na Salongo 2. Haizai sawa na chotara nzuri, lakini mlimaji anaweza kuchagua masuke yake, akaweka mbegu misimu miwili au mitatu, halafu akafanya upya. Makampuni hayaipendi sana kwa kuwa mteja harudi kila mwaka. Ndiyo maana kazi hiyo lazima ilipwe na mfuko wa umma.

Tatu, mbegu za bibi zetu. Tulisema kwamba nguvu dhidi ya ule ugonjwa ilipatikana katika mahindi ya mbali. Nani anajua ni nini kimelala katika yale masuke meusi na mekundu yanayoning'inia juu ya moshi jikoni huko kijijini? Sayansi ya kusoma urithi inakula vitu vya namna hiyo. Bila mbegu za zamani haina cha kusoma. Siku mbegu mpya inaingia, ya zamani isitupwe. Ikusanywe, iandikwe jina lake na kijiji chake, ihifadhiwe hapa nchini. Na akija mgeni kuitaka, kuwe na karatasi iliyotiwa sahihi. Tumeona madini yakitoka bila karatasi ya kueleweka. Mbegu zisifuate njia hiyo.

Nne, mbegu ya uongo. Mlimaji akinunua punje za kula zilizopakwa rangi, mara moja tu, hataiamini tena mbegu bora maisha yake yote. Kazi ya SENASEM, ya kukagua na kutia chapa, lazima ionekane sokoni.

Makuta iko

Hapa tutaulizwa: makuta itoke wapi? Sisi watu wa migodi hatuwezi kuinamisha kichwa kwa swali hilo.

Sheria ya madini iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa ushuru wa madini wazi wazi: 50 kwa 100 zinaenda Serikali ya Kinshasa, 25 mkoani, 15 kwa komini, sekta na machifu wa mahali yanapochimbwa madini, na 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kila kampuni lazima itoe angalau 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya wakaaji wa mahali. Makuta hayo yamejenga shule hapa na pale, visima, vituo vya afya. Ni vizuri. Lakini ni vijiji vingapi vilivyoandika katika orodha ya mahitaji yao shamba la kuzidisha mbegu? Watu huandika jengo, kwa sababu jengo linafunguliwa kwa kukata utepe. Mbegu haina utepe.

Wakati mkoa wetu ulikuwa bado mmoja, gavana Moïse Katumbi aliyaagiza makampuni ya madini yalime kila moja hekta 500 za mahindi. Nia tuliielewa. Lakini mtu wa mgodi ni mtu wa mgodi. Bora kampuni ilipe inavyopaswa kulipa kwa sheria, na mbegu iachiwe wanaoijua na mlimaji mwenye shamba lake.

Mfuko wa vizazi vijavyo nao tuuangalie kwa jina lake. Shaba iliyochimbwa haizai. Kobalti ukiiuza leo, kesho hakuna mtoto wake. Mnamo Februari 2025 Serikali ilisimamisha kutuma kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na kila familia ya mgodi ikajua tena kwamba chakula chake kinategemea soko la mbali. Punje ya hindi, ukiitunza, inajizidisha yenyewe. Kama kuna kitu kinachostahili kununuliwa kwa makuta ya madini kabla madini hayajaisha, ni hiki.

Tunachoomba

Hatusemi tu, tunaomba vitu vinavyoweza kuhesabiwa.

Tunaomba mikoa ya Katanga ya zamani, kutoka katika sehemu yake ya ushuru wa madini, ikipe kituo cha utafiti makuta ya kupata mistari mipya ya mahindi na kuijaribu katika udongo wetu, kila mwaka, bila kukatiza. Ile huduma ya Kiboko inatolewa hata kwa taasisi za nchi na makampuni madogo ya Afrika. Hatuna haja ya kujenga maabara kubwa kesho. Tuna haja ya kijana mmoja mmoja aliyefundishwa, anayelipwa kwa wakati, mwenye shamba la majaribio na gari lenye mafuta. Tunasisitiza kulipwa kwa wakati. Mtafiti asiyepata mshahara anaenda kuuza simu, na anaondoka na miaka yote ya majaribio kichwani mwake.

Tunaomba kamati zinazosimamia ile 0,3 ziandike mashamba ya kuzidisha mbegu katika mipango yao, na mbegu ya kuchavuka huru iwe ya kwanza.

Tunaomba walimaji, na zaidi mama, wawe mezani tangu mwanzo wa majaribio. Mbegu inaweza kushinda ugonjwa na kuzaa sana, halafu bukari yake ikawa haishikani na punje yake ikaliwa na wadudu katika ghala. Mama atakuambia hilo siku ya kwanza. ADN haitakuambia.

Na tunajiomba sisi wenyewe. Kwa miaka mingi, neno la kilimo likija katika mikutano yetu, tulisema hiyo ni kazi ya watu wa kilimo, tukarudi kwenye mshahara. Tulikosea. Wazazi wetu katika kampi walipewa posho ya bunga, hawakuhitaji kujua mbegu inatoka wapi. Sisi tunanunua, kwa hiyo lazima tujue. Tangu sasa, katika daftari letu la madai, karibu na mstari wa mshahara, tutaandika mstari wa mbegu. Wenzetu wa sendika nyingine tunawaalika kufanya vilevile.

Hatudanganyi mtu kwamba mbegu peke yake itashusha bei ya mfuko. Bila barabara na mbolea, hata mbegu ya ajabu itazaa kidogo. Lakini barabara na mbolea vikija bila mbegu, vitabeba mavuno yale yale madogo ya jana. Na katika vyote hivyo, mbegu ndiyo iliyokuwa inachelewa miaka mingi zaidi, na ndiyo sasa imefunguliwa njia fupi. Mwaka tunaopoteza hatuna tena pa kuusingizia.

Yule mama alituuliza kama tutaenda kupigana na mfuko. Tumechelewa kumjibu. Jibu ni ndiyo, mama, na tunaanzia katika mbegu.